Kisima na kasha la nyimbo za Uskoti: nimelitumia miezi minne, haya ndo maoni yangu

Najua mtasema huyu kaishiwa. Badala ya kutwambia duka gani Darajani lina nyuzi za fidla za kweli anatuletea habari za Wazungu wa visiwa vya baridi. Subirini kwanza. Mimi ni mpiga fidla wa taarabu, si katika wakubwa, ni wale wa safu ya nyuma wanaofichwa na ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, mchana natengeneza simu za watu, na hii huduma nnayotaka kuielezea nimeitumia tangu Mfunguo Pili mpaka leo, karibu kila usiku, kwa bando langu mwenyewe, kwaiyo nna haki ya kuisema uzuri wake na ubaya wake.

Inaitwa Tobar an Dualchais. Hicho Kigaeli, lugha ya zamani ya milimani na visiwani huko Uskoti, na maana yake kisima cha urithi. Ina jina la pili kwa lugha yao nyengine, Kiskoti, nalo ni Kist o Riches, yaani kasha la utajiri. Kasha hasa hiyo kist, kama lile la bibi zetu lenye misumari ya shaba na vidroo chini, anamoweka kanga zake na hereni na hati ya shamba na vyengine ambavyo mpaka afe hamtovijua. Mimi jina tu lilinivuta kabla sijafungua chochote.

Ndani mna sauti. Zaidi ya vipande 50,000, nyimbo, hadithi, visa vya mashetani wao, dawa za kienyeji, fidla, bagpaipu, wazee wanaelezea namna ya kuvua na kuchinja na kuoa, mambo yalorikodiwa kuanzia miaka ya 1930. Zimetoka pahala patatu. Kubwa ni Skuli ya Taaluma za Uskoti ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, ilianzishwa 1951 kwa kazi hiyo hiyo ya kuzunguka vijijini na mashine ya kurikodia. Nyengine za BBC. Na nyengine ni za bwana mmoja John Lorne Campbell, huyu alinunua kisiwa kizima, Canna, mwaka 1938, akahamia na mkewe Margaret Fay Shaw ambae nae alikuwa mkusanyaji wa nyimbo, wakajaza nyumba sauti za wazee, na 1981 akakitoa kisiwa na vilivyomo vyote vihifadhiwe kwa watu. Mtandaoni mkusanyiko huu umewekwa 2010. Na ni bure. Hulipi, huulizwi namba ya simu, hakuna tangazo la kamari linalokurukia usoni.

Mimi nimeipata kwa bahati. Kuna mama wa makamo, mgeni, alikuja kusikiliza mazoezi yetu usiku mmoja, akakaa mkekani kimya saa nzima mpaka tukamsahau, alafu mwalimu wetu akampa fidla, kwa adabu tu ya mgeni, tukijua atakwaruza kidogo acheke airudishe. Wallahi sote tulinyamaza. Kapiga kitu kinakimbia, kinarudi, kinakimbia tena, mguu wake unagonga sakafu, kijana wetu wa dumbaki hakuvumilia akaingia bila ya kuambiwa. Tukamuuliza kasoma chuo gani. Akasema hajasoma chuo chochote, kafunzwa na mzee jirani yao, jikoni, watu wakipita na vikombe vya chai. Ndo akaniandikia jina la hichi kisima kwenye karatasi ilofungiwa kashata, akasema ukitaka kujua tunakotoka usitusikilize sisi, kawasikilize wale.

Sasa matumizi, mana najua kuna wenzangu hawataki hadithi wanataka kujua inafanya kazi au haifanyi.

Inafanya kazi. Kwenye simu inafunguka vizuri hata hii yangu yenye kioo kimepasuka (fundi simu na kioo kimepasuka, najua, msiniandikie). Unatafuta kwa jina la mtu, la kijiji, la kisiwa, kwa aina ya kitu unachotaka. Vipande vingi vifupi, dakika mbili tatu, kwaiyo bando la buku linanipeleka siku nzima kama sikuingia kwenye mavidio. Mtandao ukiyumba sauti inakatika katikati ya ubeti na hapo utatukana, lakini hilo la kwetu si la kwao.

Kinachosumbua ni Kigaeli chenyewe. Hawa watu wanaandika herufi kumi wanatamka nne. Unaona bh unadhani b, kumbe v, unaona dh unajitayarisha kutamka kama yetu ya dhahabu, kumbe kwengine haitamkwi kabisa. Wiki ya mwanzo nilikuwa natafuta kitu nilichokisikia jana sikipati, nikaanza kuandika kwenye daftari kama mwanafunzi wa skuli. Na muhtasari wa kila kipande mara nyingi uko kwa Kiingereza, mistari mitatu minne, unakwambia wimbo huu mwanamke anamlilia mumewe alozama, basi, lakini maneno yenyewe kamili mara nyingi hayapo. Kwa mtu wa taarabu hilo ni kama kupewa sahani ya biriani ukaambiwa nusa. Sisi shairi ndo wimbo. Nimekata nyota moja hapo hapo na siirudishi. Kupakua nako sikuona njia, ni kusikiliza tu hapo hapo, nimeelewa ni kwa ajili ya haki za wenye sauti na familia zao, sikulalamika sana, ingawa umeme ukikatika na chaji imekwisha kisima kinakauka.

Lakini tizama kile kikaratasi cha kila kipande. Hapa ndo nilipokaa sana. Kimeandikwa nani kaimba, wa wapi, nani kamrikodi, tarehe. Na baadhi ya waimbaji utawakuta na jina la pili, lile la kijijini. Mfano kuna mwanamke wa kisiwa cha Vatersay, kwenye karatasi za serikali anaitwa Nan MacKinnon, lakini kwao ni Nan Eachainn Fhionnlaigh, yaani Nan wa Eachann wa Fionnlagh. Si ndo sisi hao? Mwanajuma binti Haji bin Vuai. Mimi nilidhani Mzungu akishapewa jina la ukoo basi, babu kasahauliwa. Huyu mama alikuwa na mamia ya nyimbo kichwani, nyingi kapata kwa mama yake, na mama yake ni mtu wa kisiwa cha Mingulay, kisiwa ambacho 1912 watu wake wa mwisho walihama kikabaki na ndege. Kwaiyo unapomsikiliza Nan unasikia kijiji ambacho hakina mtu hata mmoja. Anaimba tu bila ya chombo, sauti kavu, hatafuti kukupendeza.

Na walokuwa wakizunguka kurikodi nao watu wa ajabu. Calum Maclean ndo wa mwanzo kuajiriwa na ile skuli, mwezi wa kwanza 1951, yeye mwenyewe mtoto wa kisiwani, wa Raasay, Kigaeli lugha ya mama yake, kwaiyo hakuingia nyumba za watu kama mgeni mwenye daftari. Mwaka 1957 akakatwa mkono wa kushoto kwa saratani. Akaendelea kwenda, milimani, kwenye mvua, na mashine yake, kwa mkono mmoja, mpaka alipofariki 1960. Nikifikiria mimi nnavyoghairi kwenda mazoezini kwa sababu ya manyunyu najisikia vibaya.

Bibi sasa.

Bibi yangu yuko Jambiani, kazaliwa huko na huko ndo kwake, hajali simu hajali mtandao, mimi anavyoniona nimeinamia simu ananambia mume wangu we, iko siku hiyo itakutoa macho. Nilikwenda wikiendi moja, magharibi ishapita, umeme hakuna, tuko uani, nikaiwasha spika nikamwekea kipande bila ya kumwambia chochote. Ni wanawake wanaimba kwa pamoja na chini yake kuna kishindo, du, du, du, du, kizito, cha maji maji. Mmoja anatoa mstari, wote wanaitikia maneno yasiyo na maana yoyote, a hi, o ho, vitu vya namna hiyo, kishindo hakisimami.

Bibi akaacha kuchambua mchele. Kasikiliza kama nusu dakika. Akasema, "Hawa wanapiga makumbi."

Nikamwambia bibi hawa Wazungu. Akasema Wazungu hawana makumbi? Nikamwambia hawana hata mnazi. "Basi wanapiga kitu. Huyo anotoa huyo ndo mkubwa wao, na yule wa pembeni kachoka, msikilize anavyochelewa."

Jamani. Ilikuwa ni kitambaa. Kule wakishafuma sufi ya kondoo kitambaa kinakuwa kimelegea, inabidi kirowekwe na kipigwe mpaka kijikaze, kiwe kizito kisipitishe mvua. Wanawake wanakaa pande mbili za ubao mrefu, kitambaa kimerowa, wanakipiga na kukisukuma kwa mwenzao, kinazunguka meza kufuata mwendo wa jua, na nyimbo ndo zinazopima kazi. Zinaitwa òrain luaidh. Wanaume hawakai hapo. Na kinarowekwa kwenye nini? Mkojo. Mkojo ulolazwa siku nyingi mpaka ukawa mkali, ndo unaoshika rangi na kutoa mafuta ya sufi. Nilivomfasiria Bibi hilo nilidhani atatema, akacheka mpaka akashika ubavu, mana mtu yeyote alosimama Jambiani au Paje wakati makumbi yanafukuliwa pwani, yaloozea mchangani miezi na miezi, anaijua ile harufu, huingii nayo basini. Akasema kazi ya kunuka ndo yenye nyimbo nzuri, kazi safi watu wanakaa kimya.

Akataka jengine. Nikamwekea jengine. Nikamwambia kule ilikuwa mwiko kuimba wimbo mmoja mara mbili kwenye kitambaa kimoja, mkosi, akatikisa kichwa kama nimemwambia kitu cha kawaida kabisa. Nikamwambia kazi ikiisha zinakuja nyimbo za kupiga makofi, wanamtajia mwari kijana fulani, mwari anakataa anamponda, wanamtajia mwengine, mpaka akubali. Hapo akaniangalia. "Sasa hayo si mipasho?" Ndo hayo Bibi. Na kwenye rikodi nyengine kazi ya kweli ilikuwa ishakufa, mashine za kiwandani zishachukua, wale wamama walikaa mezani na kitambaa ili tu wimbo urikodiwe kama ulivyokuwa, kwa sababu ukiwaambia waimbe wamekaa kwenye kiti mikono mapajani wimbo hautoki. Bibi hilo hakuhitaji kuelezwa, yeye mwenyewe mikono ilikuwa inagonga ungo.

Jengine lilonishika ni la mashamba. Uskoti kuna watu wa kuhamahama, wenye mahema, mafundi wa bati na wauza farasi, wametukanwa karne nzima, majina mabaya, watoto wao wakichekwa skuli. Hamish Henderson, mshairi na alipigana vita vya pili, ndo alogundua kwamba hao hao wanaodharauliwa ndo waloshikilia nyimbo ndefu za kale ambazo maprofesa walidhani zishakufa zimebaki vitabuni. Katikati ya miaka ya 1950 akawafata mpaka Blairgowrie wakati wa kuchuma rasiberi, watu wamepiga mahema mashambani, mchana wanachuma jioni moto na nyimbo, na yeye na mashine yake katikati. Mwanamke wao mkubwa Jeannie Robertson alikutikana Aberdeen 1953, na inasimuliwa kwamba Henderson alipogonga mlango alikuwa kachoka akamwambia rudi jioni, Henderson akaanza kuimba wimbo wa kale pale pale mlangoni, akaukosea, bibie akamwambia ingia ndani nikuoneshe unavyoimbwa. Hii nimeicheka sana mana kuna mabibi wa hapa mjini ukitaka wimbo kwao usiombe, imba vibaya tu mbele yao. Mwaka 1968 Jeannie akapewa nishani na Malkia, mtu ambae ukoo wake ulikuwa unafukuzwa njiani.

Mimi nilivyosoma kuchuma na mahema, akili yangu yote ikenda Pemba. Nilipokuwa mdogo ammi yangu alikuwa ananipeleka Mtambwe msimu wa karafuu, watu wamepiga dago huko huko mashambani, mchana juu ya mikarafuu usiku chini wanachambua, mikeka imetandazwa, mikono myeusi na inanukia, na hapo ndo zilikuwa zinatoka nyimbo na hadithi za mashetani na vichekesho vya kumsema msimamizi. Hakuna alokuja na mashine. Mimi nilikuwepo, na nnazokumbuka ni mbili, tena nusu nusu.

Na hapa niseme kitu kitaudhi. Sisi kusherehekea tunajua sana. Mwezi wa pili wa mwaka tuna tamasha la Sauti za Busara, lilianza 2004, watu wanatoka duniani kote, poa, napenda, nimeshapiga mwenyewe pembeni pembeni. Wao nao wana lao, Celtic Connections, Glasgow, kila mwezi wa kwanza tangu 1994, kwenye baridi hiyo watu wanajaa kumbi wiki kadhaa. Tamasha kwa tamasha hatuko mbali. Tofauti iko huku nyuma ya jukwaa. Kwanza kasha liko wazi. Pili watoto. Mwaka 1981 watu wa kisiwa cha Barra, kisiwa kidogo kile, walikaa wakaona watoto wao hawajui nyimbo wala Kigaeli, wakaanzisha kitu wanaita fèis, watoto wanakusanywa siku kadhaa wakati wa likizo wanafunzwa fidla, akodioni, kinubi, kuimba, na wanaowafunza wanacheza nao usiku. Visiwa vyengine na vijiji vyengine vikaiga, 1991 wakaunda jumuiya ya kuziunganisha. Hawakusubiri msanii mkubwa aje awahutubie kuhusu utamaduni.

Na mtu asinambie sisi hatuna kitu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu, iko tangu 1905. Siti binti Saad kaingia kwenye santuri Bombay 1928, kabla hata ya hizo sauti kongwe za kisima chao nnazozisifia. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kiko tangu 2002, vijana wanasoma udi na ganuni na fidla, mimi mwenyewe nimepita pale. Lakini mimi babu yangu mzaa mama aliimba, alirikodiwa, tunajua alirikodiwa kwa sababu mzee mwengine alikuwepo siku hiyo, na nilikwenda ofisi moja ambayo sitoitaja kuomba nisikie tu, sikuomba kuchukua, nikaambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu nikaambiwa aliye na ufunguo kasafiri, mara ya tatu nikaambiwa andika barua, nikaandika barua, huu mwaka wa pili. Babu wa mtu wa Vatersay namsikia kitandani kwangu Jang'ombe saa sita usiku kwa bando la buku. Babu yangu mimi yuko dakika kumi kwa mguu na simsikii.

Haya, nimepumua, turudi kwenye fidla, kwa wapigaji wenzangu.

Zinajifunzika kwa sikio. Nyingi zina sehemu mbili, kila moja unairudia mara mbili, alafu hawasimami, wanaunganisha na wimbo mwengine papo hapo. Mwanzo niliona rahisi nikajidanganya. Kuna aina moja inaitwa strathspey, hiyo ndo ilonitoa jasho, mana noti fupi inatangulia ndefu, kama mtu anayekatiza maneno ya mwenziwe, tak-taaa, tak-taaa, na upinde unauvuta kinyume na mkono wangu ulivyozoea. Sisi tunavuta upinde mrefu, tunapamba, tunalia. Wao wanachokoa. Nimeleta mmoja mazoezini, dumbaki ikakataa kabisa kukaa, tulijaribu wahada, mdundo wetu wa taarabu, haikuingia, mwisho kijana akapiga mwendo wa kidumbaki na hapo ikasimama, ikawa kitu cha ajabu hivi, si harusi ya Makunduchi si ya Aberdeen. Mwalimu kasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Hawa wanakimbizwa na nani?"

Alosifu ni mpiga ganuni wetu, mzee ambae hasifu kitu. Nilimwekea bagpaipu, nikijua atasema ni zumari iloshikwa na mafua. Noti tisa tu zile, hazizidi, na chini kuna mlio mmoja haukatiki. Akasogeza sikio. Akasema noti hiyo ya kati hiyo, piano haina. Na kweli haina, bagpaipu haifungwi kwa mizani ya piano, kuna noti zinakaa katikati, na mtu alokua na rasti na bayati, zile maqamu zetu za taarabu, masikioni anazisikia mara moja, wakati mwenye kinanda anadhani chombo kibovu. Tangu siku hiyo ananiuliza "ile zumari ya jana unayo?" kama vile ni mimi mwenyewe.

Kitu chengine, mchana mmoja dukani nilikuwa nasikiliza zaburi za Kigaeli za kisiwa cha Lewis, kiongozi anatoa mstari, jamaa nzima wanaupokea lakini kila mtu anaupinda kwa njia yake, hakuna chombo, sauti zinapishana kama mawimbi, mteja alokuja kubadilisha betri akasimama akaniuliza hii maulidi ya wapi. Nikamwambia hawa Wakristo wa kaskazini kabisa. Hakuamini, akakaa mpaka kikaisha, betri nikamaliza zamani.

Kwaiyo nyota nne. Ilokatika mshaijua ni ya maneno ya nyimbo. Kwa mpiga chombo yoyote chukua, anza na waimbaji kabla ya fidla, mana fidla yao inaiga koo. Andika majina kwenye daftari. Vaa hedifoni, rikodi nyengine zina mlio wa mashine na mbwa na mtoto analia, usizikimbie, hizo ndo nzuri.

Wiki ilopita nimekwenda tena Jambiani. Nimechukua simu ya mteja yenye maiki nzuri (kanipa ruhusa), nikamwambia Bibi leo wewe. Akakataa. Sauti imekufa, meno yamekwisha, anaona haya. Nikaanza kuimba mimi ule wa makumbi, kwa makusudi nikauharibu mstari wa pili. Akaniangalia tu. Alafu akavuta ungo, akaugeuza, akaanza kugonga.

Kaimba nyimbo tatu, ya tatu sijapatapo kuisikia. Mwisho nikatoa daftari nikaandika kama wanavyoandika wao, jina lake, la baba yake, la babu yake, Jambiani, tarehe, alorikodi mjukuu wake. Nikamsomea. Akasema sawa, lakini umesahau. Nikamuuliza nimesahau nini.

"Hii ya mwisho si yangu, kanipa Mwanakheri, tukipiga nae pamoja. Muandike na yeye. Na baba yake."